Kioo cha chini ya gari hakioni sumu

Swali: Daktari, hujambo? Mimi ni msimamizi wa walinzi katika jumba la maduka karibu na katikati ya jiji la Nairobi. Tangu mkasa wa Westgate tumefunzwa kutafuta bunduki na bomu. Tunapitisha kioo chini ya gari, tunafungua buti, tunampapasa mteja kwa kile kifaa kinacholia kikigusa chuma. Majuzi kikundi chetu cha WhatsApp kimeletewa sauti ya mtu akisema vita vijavyo ni vya gesi na virusi, kwamba akili unde (AI) inatunga sumu mpya kwa saa chache, na droni moja inatosha kuimwaga juu ya mji mzima. Vijana wangu wananiuliza na sina la kuwajibu. Je, ni kweli? Na siku tukikuta kitu, tufanye nini? Meneja anataka kutununulia barakoa za gesi.

Jibu: Sijambo, ndugu yangu, na pole kwa kazi ya kusimama. Sauti hiyo nami nimeletewa, tena na mchungaji wangu, kwa hiyo imefika mbali. Si uongo mtupu. Aliyeirekodi ameokota mambo manne matano ya kweli, akayaunganisha kwa hofu, na msikilizaji hajui ukweli umeishia wapi.

Nianze na hayo ya saa chache. Yalitokea. Mwaka wa 2022 watafiti wa kampuni ndogo ya kubuni dawa huko North Carolina, Marekani, walieleza katika jarida la kisayansi kilichotokea walipoigeuza programu yao ya akili unde. Ilikuwa imefunzwa kutafuta dawa na kuzikwepa sumu. Wakaiambia izitafute sumu zenyewe. Haikumaliza saa 6 ikawa imewapa orodha ya molekuli 40,000. Humo ilikuwamo VX, mojawapo ya sumu kali kabisa za neva, pamoja na nyingine ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Walichapisha habari hiyo ili wenzao waache kulala.

Lakini hawakutengeneza hata tone. Orodha kwenye skrini haiui mtu. Kati ya jina la molekuli na sumu iliyo ndani ya chupa kuna malighafi ambazo uuzaji wake unafuatiliwa, kuna vifaa, kuna mikono iliyozoea kazi hiyo, na kuna uwezekano mkubwa kwamba wa kwanza kuzikwa atakuwa mtengenezaji mwenyewe. Akili unde inafupisha sehemu ya safari, haiifuti. Wasiwasi wangu kwa hiyo hauko kwa kijana mwenye simu na bando. Uko kwa wale ambao tayari wana maabara, fedha na wataalamu, kwa sababu hao ndio wanaoongezewa kasi.

Tazama waliojaribu bila dola nyuma yao. Dhehebu la Aum Shinrikyo la Japani lilikuwa na maelfu ya wafuasi, mali nyingi, wanasayansi waliosoma vyuo vizuri na kiwanda chao wenyewe karibu na Mlima Fuji. Mwaka wa 1993 walijaribu kusambaza kimeta kutoka juu ya jengo lao jijini Tokyo. Hakuna aliyeugua kimeta, majirani walilalamikia uvundo tu. Ndipo wakageukia kemikali, na tarehe 20 Machi 1995 wakaacha vifurushi vya sarini, sumu nyingine ya neva, ndani ya magari ya moshi ya chini ya ardhi wakati watu wanakwenda kazini. Watu 13 walikufa, na mwaka wa 2020 akafariki wa 14 baada ya kulala kitandani miaka 25. Zaidi ya 5,000 walikwenda hospitalini.

Katika kisa hicho kuna jambo ninalotaka uwasomee vijana wako mara mbili. Wawili kati ya waliokufa walikuwa wafanyakazi wa stesheni ya Kasumigaseki. Hawakuwa abiria. Waliona kifurushi kimelowa kinavuja ndani ya behewa, wakafanya kile ambacho mfanyakazi yeyote mwaminifu hukifanya: wakakiondoa, wakapangusa sakafu ili treni iendelee na safari. Nina hakika mlinzi wako mzuri kuliko wote, yule unayempa lango kuu siku za sikukuu, angefanya vivyo hivyo. Ndiye ninayemhofia.

Tena hospitalini, baadhi ya wahudumu nao wakaanza kuona giza na kuumwa kichwa, kwa sababu wagonjwa waliingizwa na nguo zao zilizonyonya mvuke, wengine wakalazwa katika kanisa dogo la hospitali ambalo halikuwa na hewa ya kutosha. Sumu ilisafiri kwenye makoti.

Sasa kuhusu hizi sumu zinazoitwa mpya. Ukiacha Aum, karibu kila mara sumu ya hali ya juu ilipoua watu hadharani katika miaka ya karibuni, kidole kimenyooshewa dola fulani. Februari 2017, Kim Jong-nam, kaka wa kambo wa kiongozi wa Korea Kaskazini, alipakwa VX usoni katika uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur, mchana kweupe, kamera zikirekodi na walinzi wakiwa hatua chache kutoka pale. Wanawake wawili waliofanya hivyo walisema waliambiwa ni mzaha wa televisheni. Machi 2018, huko Salisbury, Uingereza, jasusi wa zamani wa Urusi, Sergei Skripal, na binti yake walikutwa hoi kwenye benchi. Sumu ilikuwa ya jamii ya sumu za neva iitwayo novichok na ilikuwa imepakwa kwenye kitasa cha mlango wa nyumba. Uingereza inailaumu Urusi, nayo Urusi imekana. Hao wawili walipona. Aliyekufa ni mama mmoja asiyehusika kwa lolote, Dawn Sturgess, miezi minne baadaye, baada ya mwenzake kuokota chupa iliyofanana na manukato na kumpa zawadi. Uso wa mtu, kitasa cha mlango, chupa ya marashi. Kifaa chenu kinachotafuta chuma kisingelia hata kidogo.

Ukiniuliza kwa nini basi hatujashambuliwa hivyo hapa, nitakujibu kwa kalenda yetu wenyewe. Agosti 1998 ilikuwa bomu, na watu 213 walikufa Nairobi. Westgate mwaka wa 2013, bunduki na guruneti, watu 67. DusitD2 mwaka wa 2019, bunduki na mlipuaji wa kujitoa mhanga, 21. Mwenye nia ya kuua wengi huchukua kile kilicho karibu na kisichomsumbua. Kwa hiyo endeleeni kupitisha kile kioo chini ya gari. Hakifanyi kazi bure.

Hata hivyo usidhani kemikali ni habari za Japani na Uingereza. Sumu za neva zilizaliwa kwenye dawa za wadudu. Mwaka wa 1936 mkemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa ya kuua wadudu wa mashambani, akaangukia tabuni, sumu iliyomlaza yeye na msaidizi wake kwa kiasi kidogo tu. Sarini ikafuata miaka miwili baadaye. Ndugu wa sumu hizo, wapole zaidi lakini wa ukoo mmoja, ndio dawa za oganofosfeti zinazouzwa katika agroveti. Ndiyo maana daktari wa zamu katika hospitali yoyote ya kaunti amewahi kukutana na ugonjwa huu, ingawa hakuwahi kuuita vita. Mgonjwa analetwa na ndugu zake usiku, amekunywa dawa ya nyanya baada ya ugomvi, au ni mkulima aliyenyunyizia bila glavu tangu asubuhi. Analowa jasho kwenye baridi, udende unamtoka, kamasi na machozi pamoja, anatapika, anaharisha, misuli inachezacheza chini ya ngozi, kifua kinakoroma. Ukimmulika machoni, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Nesi mzoefu hahitaji kuambiwa. Anaitisha atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo, huku akimvua nguo na kumwosha.

Nesi huyo ndiye kinga ya Nairobi dhidi ya silaha mpya. Nasema hivi nikijua kwamba wapenda mitambo watanicheka. Chombo cha kunusa gesi kinaweza kununuliwa kwa mamilioni na kikakaa stoo betri ikiwa imekufa. Nesi anayezitambua dalili, mwenye atropini ya kutosha kabatini na bomba la maji nje ya mlango wa idara ya dharura, yuko kazini leo usiku, na atakutana na wagonjwa wa kumfunza hata kama gaidi haji kamwe. Nikipewa bajeti ya kupambana na silaha za kemikali, nusu yake ningeipeleka hapo.

Tuna makovu yetu pia. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru hapa Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wengi wakapofuka kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Hakuna aliyetangaza vita, lakini kwa hesabu ya maiti hilo ni kubwa kuliko shambulio la Tokyo. Mei 2024 lori lililobeba sodiamu sianaidi lilipata ajali upande wa Limuru, na serikali ikalazimika kuwatangazia wananchi wasiguse kitu chochote kilichodondoka na wakirudishe waliokiokota. Mtu wa kwetu akiona mzigo umemwagika barabarani hukimbia na karai. Tumeona hivyo kwa mafuta, tumeona kwa unga. Mzigo wenye alama ya fuvu haupaswi kuwa sehemu ya desturi hiyo, na walinzi wenu, ambao mara nyingi ndio wenye sare pekee walio karibu, wangeweza kuokoa watu kwa kuwafukuza tu.

Nije kwenye virusi na bakteria, ambako mambo ni tofauti kabisa. Gesi hujitangaza: watu huanguka, hukohoa, hukimbia. Kiini cha ugonjwa hakina haraka. Mtu ataambukizwa Jumatatu akiwa kwenye foleni yenu ya kuingia, atakula nyama choma Jumamosi, atapata homa wiki inayofuata akiwa Kitale. Hakuna mlinzi duniani atakayemkamata langoni, na usiwaruhusu watu wakulaumu kwa hilo. Atakamatwa na kliniki na maabara. Barua za kimeta zilizotumwa Marekani mwaka wa 2001, ambazo ziliua watu 5 na kuwaambukiza wengine 17, zilijulikana pale daktari mmoja wa Florida alipotazama maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa wake na kuona kitu ambacho hakikupaswa kuwepo. Baadaye uchunguzi wa FBI ulimwelekea mwanasayansi aliyefanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani lenyewe. Turudi pale pale: hatari ilitoka kwa mwenye maabara.

Oktoba ya mwaka huo huo wa 2001 Nairobi ilipata hofu yake. Wizara ya Afya ilitangaza kwamba barua moja iliyotumwa hapa kutoka Atlanta, Marekani, ilikuwa na kimeta. Dunia nzima ikaandika. Vipimo vya baadaye vikaonyesha haikuwa nacho. Katikati ya hapo, kila mwenye kumwaga unga wa chapati mezani alikuwa mshukiwa. Ndiyo maana nakuomba usiisambaze ile sauti, na usiruhusu kijana wako yeyote apige picha ya unga wowote na kuutupa kwenye kikundi kabla haujapimwa. Taharuki kwenye ngazi za jumba la maduka inakanyaga watu, na watoto huwa chini. Mvua zikianza huwa naletewa picha za shingo zilizobabuka, nikiulizwa ni ndege gani imemwaga dawa usiku. Ni yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi, Nairobi fly, aliyepondwa kwenye ngozi. Mpulize, usimponde, basi.

Kimeta chenyewe si mgeni kwetu. Kiko kwenye udongo wa Bonde la Ufa. Mwaka wa 2015 kiliua nyati zaidi ya 100 katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Binadamu hukipata zaidi kwa kuchinja na kula mzoga. Daktari wa mifugo anayekataza nyama hiyo isiuzwe anafanya kazi ya usalama wa taifa, ingawa hapewi gari lenye king'ora. Na mwaka wa 1980 ugonjwa wa Marburg ulifika hadi katika hospitali ya Nairobi ndani ya mwili wa mgonjwa kutoka magharibi mwa nchi. Alifariki, na daktari aliyemhudumia akaambukizwa lakini akapona. Hakuna aliyeutuma. Hatua za kuuzuia zingekuwa zile zile kama angekuwepo aliyeutuma.

Kinachonikosesha usingizi upande huu ni ndui. Mgonjwa wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, akaja kuwa mhamasishaji wa chanjo ya polio. Virusi vilivyobaki rasmi vimefungiwa mahali pawili tu, Atlanta na Koltsovo huko Urusi. Lakini siku hizi vinasaba vinaweza kuagizwa vikatengenezwa kiwandani kwa kusomwa kutoka kwenye kompyuta. Kirusi cha polio kilijengwa hivyo Marekani tangu 2002, na mwaka wa 2018 watafiti wa Kanada walieleza walivyojenga ndui ya farasi, binamu wa ndui ya binadamu. Kazi hiyo si ya mtu wa mtaani. Hata hivyo kufuli la Atlanta halitoshi tena peke yake, na kampuni nyingi zinazouza vinasaba huchunguza wateja wao kwa hiari zaidi kuliko kwa kulazimishwa na sheria. Huko ndiko ningependa wabunge wetu wapeleke macho, badala ya kuuliza kila mwaka kuhusu mahindi ya GMO.

Mtu ataniambia kuna mikataba. Ipo miwili, na Kenya imo katika yote miwili, lakini haina nguvu sawa. Ule wa kemikali, ulioanza kutumika tarehe 29 Aprili 1997, una shirika lake la OPCW kule The Hague, wakaguzi, maabara na wanachama 193. Tarehe 7 Julai 2023 Marekani iliharibu silaha yake ya mwisho huko Kentucky, na kwa hiyo akiba yote ya dunia iliyokuwa imetangazwa, zaidi ya tani 72,000, ikawa imekwisha. Hiyo ni kazi kubwa iliyofanyika kimya. Ule wa kibayolojia ni wa 1975 na hauna mkaguzi hata mmoja. Mazungumzo ya kuupa wakaguzi yalivunjika mwaka wa 2001 Marekani ilipokataa, na mpaka leo una ofisi ndogo Geneva yenye wafanyakazi wa kuhesabika. Muungano wa Kisovieti ulitia saini, kisha ukaendelea kutengeneza. Kimeta kilipovuja kutoka kituo cha jeshi mjini Sverdlovsk Aprili 1979 na kuua watu zaidi ya 60, serikali ilisema ni nyama mbovu. Ukweli ulikubaliwa na Rais Boris Yeltsin wa Urusi mwaka wa 1992.

Sisi wa ukanda huu tulipaswa kuwa wa kwanza kujua kwamba saini peke yake haizuii gesi. Italia ilikuwa imeridhia Itifaki ya Geneva ya 1925 inayokataza gesi vitani, kisha mwaka wa 1935 na 1936 ikawamwagia Waethiopia gesi ya haradali kutoka kwenye ndege. Haile Selassie alisimama Geneva tarehe 30 Juni 1936 akaueleza ulimwengu jinsi mvua hiyo ilivyoshuka juu ya askari, wanawake, ng'ombe na mito. Walimsikiliza. Basi.

Kwa hiyo droni si wazo jipya, ni ndege iliyopungua ukubwa na bei. Vita vya Ukraine vimeshaonyesha droni zikidondosha mabomu ya machozi kwenye mahandaki, na OPCW ilithibitisha mwaka wa 2024 kwamba sampuli kutoka huko zilikuwa na CS, yaani gesi ya machozi. Kutumia gesi hiyo vitani ni marufuku. Polisi kuitumia mjini kunaruhusiwa na mkataba huo huo. Hapo, ndugu yangu, ndipo penye kemikali ambayo wewe na mimi tumeshaivuta. Juni 2024, siku za maandamano, ulikuwa kazini, nadhani. Unajua mkebe mmoja ukiingia kwenye uchochoro hufanya nini. Sheria hiyo iliandikwa ikimfikiria mtu aliye uwanjani, mwenye pa kukimbilia. Mkebe huo huo ndani ya duka lililoshushwa shata, au ndani ya matatu iliyofungwa madirisha, unaweza kumuua mwenye pumu. Mjini Moscow, Oktoba 2002, vikosi vilijaza ukumbi wa maigizo gesi ya kulevya ili kuwaokoa mateka. Watekaji walilala, na mateka zaidi ya 120 nao wakafa, wengi kwa sababu madaktari nje hawakuambiwa ni gesi gani. Mwaka wa 2021 wanachama wa OPCW waliamua kwamba kupuliza kemikali za namna hiyo kwa kisingizio cha kulinda usalama ni kinyume cha mkataba. Uamuzi ulichukua miaka 19.

Sasa kazi yenu. Mazoezi mliyopewa baada ya Westgate yanasema: fungeni milango, wateja walale chini, wajifiche stoo. Kwa bunduki, sawa. Kwa gesi, hayo ni mauti. Gesi nyingi za sumu ni nzito kuliko hewa, hushuka na kutuama chini, na maegesho yenu yako chini. Aliyelala sakafuni atazivuta kwanza, na aliyekimbilia basement atazikuta zinamsubiri. Gesi inataka milango wazi, watu watoke haraka, waende juu kwenye mwinuko na upande upepo unakotoka. Lazima muwe na mazoezi mawili tofauti yenye maneno mawili tofauti kwenye redio, na kila mlinzi ajue ni lipi limetajwa.

Mtajuaje? Mteja mmoja akianguka, fikiria kifafa, sukari au njaa, mkamsaidie. Wawili wakianguka pamoja, sogea kwa tahadhari. Watatu wakianguka mahali pamoja bila damu na bila mtu aliyewagusa, usisogee. Toa watu na upige 999 au 112, useme unachokiona: macho yanawauma, wanatokwa udende, wanakohoa, kuna harufu gani, kuna majimaji wapi. Kifurushi kinachovuja hakiguswi, hakipanguswi, hakisukumwi kwa mguu. Yule mlinzi hodari ambaye mkono wake unawasha kukiondoa, mpe kazi ya kuwazuia watu wengine.

Aliyepatwa avuliwe nguo za nje mara moja, aibu baadaye. Kuvua peke yake huondoa sehemu kubwa ya sumu. Nguo isipitishwe usoni, ikatwe ikibidi. Kisha maji mengi, sabuni ikiwepo, macho yasuuzwe kwa maji matupu kwa muda mrefu. Asipakiwe kwenye teksi akiwa amelowa sumu ile, na hospitali ipigiwe simu kabla hajafika.

Nisisahau yaliyo karibu zaidi kuliko gaidi. Ile stoo ya wasafishaji: jik ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi inayobana kifua, na msafishaji mgeni hajui hilo mpaka mtu amwambie. Jenereta ikinguruma karibu na mlango wa basement. Na vibanda vya walinzi wenyewe mwezi wa Julai, baridi ikizidi, kijana anaingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, na kwa walinzi wako iko karibu kuliko sarini. Zungukia vibanda vyako leo usiku.

Kuhusu barakoa, mwambie meneja aziache. Kila chujio ni la aina fulani ya gesi na lina tarehe ya kuisha. Barakoa haifungi vizuri kwenye ndevu. Na inahitaji mazoezi ya mara kwa mara. Zaidi ya yote, mlinzi aliyevalishwa barakoa atajiona anaweza kuingia, na mimi sitaki aingie. Hiyo pesa inunue mipira mirefu ya maji kwenye milango miwili, mablanketi na nguo za kujisitiri, vipaza sauti vya mkononi, na siku moja kila robo mwaka ya kufanya mazoezi ya kutoka. Zima moto wa kaunti wakialikwa, huja.

Halafu muulize fundi wa jengo jambo moja ambalo wasimamizi wengi niliowauliza hawakuwa na jibu lake: mitambo inayovuta hewa kutoka nje na kuisambaza madukani inazimiwa wapi, na Jumapili jioni fundi akiwa amekwenda kwao, ufunguo wa chumba hicho unabaki na nani?